Watoto Wapelekwe Jena, au Jena Ije Tanga?

Familia iliyomo katika mjadala huu nimeiunda mwenyewe ili hoja zipate pa kukaa. Hoja zenyewe utazisikia katika nyumba nyingi za aina hii, kuanzia Mombasa hadi Moshi. Mama ni Mdigo wa Tanga. Baba ni Mjerumani wa jimbo la Thüringen, amekaa pwani mpaka Kiswahili chake kimeshika lafudhi ya Chumbageni. Watoto ni wawili: binti wa miaka kumi na mmoja, yuko darasa la sita, na mdogo wake wa kiume wa miaka saba. Bibi mzaa baba, ambaye wajukuu humwita Oma, anakaribia miaka themanini na anaishi Jena.

Watoto wanamjua kwa simu. Jumapili jioni inapigwa video. Oma anauliza kitu, watoto wanaitikia "ja, Oma", wanapunga mkono, na dakika haijaisha mdogo ameshatoweka kwenye kioo. Baba anabaki akizungumza na mama yake kuhusu hali ya hewa.

Sasa baba anataka safari. Kikao kimekaa barazani kwa mama mkwe wake, kahawa na kashata zimeshapita, na mimi mwandishi nimejitwalia uenyekiti, ambao sina nia ya kuufanya kimya.

BABA: Mwezi wa sita, shule zikifungwa, tuondoke. Wiki tatu. Tunatua Frankfurt, tunakodi gari. Mjomba wangu yuko Köln, binamu wako Hamburg, na upande wa marehemu baba kuna ndugu karibu na München. Tukiwa kule chini watoto wataona Milima ya Alpi na ngome ya Neuschwanstein. Siku za mwisho tunamalizia Jena kwa Mama. Wawaone ndugu zao wote kwa mkupuo mmoja, maana sijui lini nitapata tena pesa ya tiketi nne.

MJOMBA (kaka wa mama): Shemeji, hiyo ni ziara ya rais. Watoto watashuka garini, watapigwa picha, watapanda garini. Na mimi nina swali la kabla ya hapo: kwa nini twende sisi? Binti akitimiza kumi na miwili tu, mashirika ya ndege yanamtoza nauli ya mtu mzima. Piga hesabu ya tiketi nne, kisha ya moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aje yeye akae baraza hii miezi miwili, ale samaki, awaone wajukuu wanavyoishi. Kuna wazee wa miaka themanini wanapanda Kilimanjaro, yeye atashindwa na Tanga?

SHANGAZI (dada wa baba, kwa simu kutoka Jena, baba akitafsiri): Hao wa Kilimanjaro hawana nyonga ya bandia, na damu haijawahi kuwaganda mguuni. Daktari amemkatalia Mama safari ndefu ya ndege. Ningeweza kumleta ningemleta. Hilo tulitoe mezani.

Na huo mwezi wa sita, kaka yangu amekaa Afrika mpaka kalenda ya kwao imempotea. Ujerumani ina majimbo 16, na likizo ya kiangazi ya wiki sita hivi inakwenda kwa zamu, kila jimbo na tarehe yake. Ninyi mkikaribia kufungua shule ndipo sisi Thüringen tunafunga, na Bavaria wanangoja mpaka karibu na Agosti. Wanangu watakuwa darasani. Siwezi kuwatoa, kwetu mahudhurio ni sheria, na mzazi anayemwondoa mtoto kabla ya siku ya kufunga bila ruhusa anaweza kupigwa faini. Polisi wa Bavaria walishawahi kukagua familia zenye watoto wa shule katika uwanja wa ndege wa Memmingen. Halafu likizo ikianza tunatawanyika: huyu Bahari ya Baltiki, yule Italia. Mtamkuta Oma na bustani yake.

MWANDISHI: Shangazi ameokoa pesa za watu. Safari nyingi za namna hii hupangwa kwa kufuata bei ya tiketi na shule za huku, familia ikifika inakuta binamu wanatoka alfajiri na mabegi mgongoni. Likizo inayokutana na yetu ni ya Desemba. Sisi tunafunga mwanzoni mwa mwezi huo hadi Januari, wao wanafunga wiki mbili hivi kuzunguka Krismasi. Tarehe 25 na 26 zote mbili ni sikukuu za taifa kule, na ndizo siku ambazo ukoo wa Kijerumani, uliotawanyika mwaka mzima, unarudi kukaa meza moja.

BIBI (mama wa mama): Krismasi?

Kimya kikapita barazani.

BIBI: Msinielewe vibaya. Mimi safari siipingi, na huyu mwanangu (anamtazama Mjomba) asinisemee. Wajukuu nimewafaidi mimi. Huyu mume wangu (anamvuta mdogo kwa sikio) nimemlea mpaka anajua kunitania. Mzazi mwenzangu kule anamwona ndani ya kioo, na hana hata utani naye. Hiyo si haki. Lakini ninauliza: watakula nini, watasali saa ngapi, na yule mbwa niliyemwona kwenye picha analala wapi?

SHANGAZI: Mwambieni Mama wa Tanga kwamba sisi tuliokulia Ujerumani Mashariki wengi wetu hatuna dini. Krismasi ya nyumba yetu ni mti, mishumaa na chakula. Hakuna atakayempeleka mtoto kanisani, na binti akitandika msala Oma atauliza maswali mengi lakini hatakataza. Mbwa ni wangu, analala kwangu. Oma hana mbwa.

BIBI: Kwetu Shafii, mbwa akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwambie mapema, asije akashangaa mjukuu anachimba bustani usiku.

MAMA: Mama, kwa swala Desemba ni nafuu kuliko Juni. Nilipokwenda Juni, magharibi ilikuwa saa tatu na nusu usiku, na isha nikiisubiri mpaka karibu usiku wa manane. Desemba jua linatua saa kumi na dakika kidogo. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa nne.

BIBI: Magharibi saa kumi! Basi Desemba.

MAMA: Chakula ndicho cha kukaa nacho macho. Si nyama ya wazi, hiyo kila mtu anaiona, na maduka ya Waturuki na Wasyria yanauza ya halali. Ni vile vidogo. Peremende laini za watoto nyingi zina jelatini ya nguruwe. Kabeji nyekundu hupikwa na mafuta ya nguruwe au ya bata bukini. Stollen, ule mkate mtamu wa Desemba, zabibu zake mara nyingi hulowekwa kwenye ramu. Yale madonge ya viazi ya Thüringen yenyewe hayana tatizo, uliza mchuzi umetoka wapi. Binti nitamfundisha kusoma karatasi za nyuma ya pakiti, na wifi yangu atamwambia Oma kabla hatujafika, ili mwenye nyumba asikataliwe chakula mbele ya wageni. Vibiskuti vyao vya Desemba, ambavyo Oma huoka na wajukuu, ni unga, siagi, mdalasini, karafuu na iliki.

BIBI: Karafuu na iliki nitafunga mimi. Za dukani kwao zimekauka roho.

MWANDISHI: Nadhani hapa mambo ya jikoni yametosha, maana naona mama watoto ana jingine.

MAMA: Ninalo. Mnaongelea nguruwe kana kwamba ndiye mwenye kunikosesha usingizi. Septemba 2024 Thüringen walifanya uchaguzi wa jimbo, na chama cha AfD, kinachotaka watu kama mimi wapungue, kikaongoza kwa karibu asilimia 33. Katika kila wapiga kura watatu, mmoja. Nilikuwa naangalia matokeo kwenye simu huku mwanangu akinichezea mguuni. Mume wangu aliniambia, "Hiyo ni siasa." Kwake ni siasa. Mimi nilipokuwa huko, mwanamke nisiyemjua alizishika nywele zangu ndani ya tramu, akazipima kwa vidole kama anapima kitambaa dukani, na tramu nzima ikatazama dirishani. Hapa Tanga wanangu wanaitwa wazungu, wakilia nawaambia puuzeni, hao ni wenzenu wanawatania. Huko wakiitwa jina jingine, nitawaambia nini?

BABA: Sijui. Nimepanda tramu hizo ujana wangu wote na sijawahi kulazimika kuangalia nani amekaa nyuma yangu.

SHANGAZI: Wifi, sitakuambia kwamba hayapo. Jena ni mji wa chuo kikuu, kura zake hazikufanana na za vijijini, lakini tramu ni tramu. Nitakachokuahidi ni kwamba watoto hawatatoka peke yao, na mtu akinyoosha mkono wake kwenye kichwa cha mtoto wa kaka yangu, nitapaza sauti mpaka dereva asimamishe gari. Sikuwa nafanya hivyo zamani. Nilikuwa nadhani adabu ni kunyamaza.

MAMA: Hilo ndilo nililotaka kulisikia. Si kwamba hayapo.

MWANDISHI: Naomba hapa nisimame kidogo. Wazazi wengi weupe wa watoto wa namna hii hutoa jibu la baba watoto, "hiyo ni siasa", kwa nia njema kabisa. Mtoto anasafiri akiwa hajaambiwa kitu, likimkuta anadhani limemkuta yeye tu, kwa kosa lake. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aambiwe kabla ya kupanda ndege, na aambiwe na baba yake, kwa sababu ni watu wa baba yake. Wa miaka saba inatosha ajue kwamba akishikwa asipopenda, anaruhusiwa kusema hapana kwa sauti, hata kwa mtu mzima, hata ugenini.

MJOMBA: Sasa nipeni nafasi yangu ya ualimu. Safari ya namna hii si mpya. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Unguja 1844, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akawa Emily Ruete. Mume akafa 1870, akabaki na watoto watatu wa Kijerumani. Mwaka 1885 akawachukua watoto hao akarudi nao Unguja, awaonyeshe kwao na adai urithi wake. Alifika vipi? Ndani ya msafara wa manowari za Wajerumani zilizokuja kumbana Sultani Barghash, kaka yake, akubali kuachia sehemu za bara. Mwenyewe aliandika kwamba watu wa mjini walimlaki kwa furaha. Kaka yake hakumpokea. Watoto wakaondoka bila kukaa sebuleni kwa mjomba wao. Na mnajua alifia wapi? Jena, mwaka 1924.

BABA: Mimi sina manowari, shemeji.

MJOMBA: Huna, lakini historia inakaa na watu mezani. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907: wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa iliyotokana na kuchomewa mashamba na maghala. Mangi Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900, na wajukuu zake hadi leo wanatafuta fuvu lake. Mwaka 2023, wataalamu wa Berlin walipolinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyoko huko na vya watu wa Kilimanjaro na Meru, walipata ndugu walio hai. Ndugu, shemeji. Na wao wanaunganisha ukoo na Ujerumani, kwa njia hiyo. Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier alikuja Songea akaomba radhi. Mwanao atayajua haya, au ataonyeshwa theluji tu?

BINTI: Shikamoo Mjomba.

MJOMBA: Marahaba.

BINTI: Mnatuzungumzia kama mizigo. Maji Maji tumesoma shuleni. Nitamwuliza Oma kama na wao walisoma.

SHANGAZI (baada ya baba kutafsiri): Hatukusoma hivyo. Aulize.

BINTI: Na mimi ninataka kumwona yule mjusi wa Tendaguru. Na nyuma ya Oma kwenye video kuna ua la zambarau dirishani, Baba alisema ni ua la Usambara. Sasa kama Lushoto tu hapo imefika dirishani kwake, mimi kwa nini nisifike?

MJOMBA: Ua hilo lilitoka hapa hapa Tanga. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwa baba yake, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la Kilatini kwa kuwaenzi hao wawili. Leo liko madirishani mwa mabibi wa Ujerumani nzima, na wengi hawajui Usambara iko wapi.

MWANDISHI: Mjusi je, aende kumwona? Aende. Mifupa ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, kwa vibarua wa Kiafrika walioibeba mabegani hadi pwani, na mnyama mwenyewe amesimama katika jumba la makumbusho ya viumbe, Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Kutoka Jena hadi Berlin ni kwenda na kurudi siku moja kwa treni. Ningeongeza vituo viwili. Kimoja ni Brunnenstraße 193, ambako kibao kidogo cha shaba kimezikwa kwenye njia ya miguu kwa ajili ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akiwa kijana mdogo sana akawa askari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, 1929 akahamia Berlin, akawa mhudumu wa mkahawa, mcheza filamu na mwalimu wa Kiswahili chuo kikuu. Akaoa Mjerumani, wakazaa. Alifia kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944. Watoto wa Kiswahili na Kijerumani walikuwepo Berlin kabla ya hawa wetu, na ni vizuri wajue. Kingine ni mtaa mmoja katika eneo la Wedding, Berlin, uliobeba jina la Petersallee hadi Agosti 2024. Sehemu yake moja leo inaitwa Maji-Maji-Allee.

Sharti langu ni moja: Shangazi na binamu waende pamoja nao. Watoto wa Tanga wakienda peke yao na baba, ni somo la historia. Wakiwa na binamu zao wa Jena, wote wanasimama mbele ya kibao kile kile, na wale wa Jena pia wana la kuuliza mama yao jioni.

Siku moja lakini. Zile siku nyingine zote ninazitaka nyumbani kwa Oma, na sasa nitoe lile ambalo najua halitapendwa. Mkishafika Jena, kaeni siku chache mpaka watoto wajue taa ya choo inawashiwa wapi. Kisha ninyi wazazi wawili muondoke. Nendeni Köln, nendeni kwenye ngome, popote. Waacheni kwa Oma.

MAMA: Nimwache nani wapi?

MWANDISHI: Nieleze kwanza. Tazama mzazi akiwa chumbani. Oma anamwuliza mwanawe, "Huyu anapenda kula nini?" Baba anamgeukia mtoto kwa Kiswahili. Mtoto anamjibu baba kwa Kiswahili. Baba anampa Oma jibu kwa Kijerumani. Bibi na mjukuu wamekaa kochi moja, magoti yanagusana, na hawajaambiana kitu. Ni ile ile video ya Jumapili, safari hii tumeilipia nauli. Watoto hawa Kijerumani wanakisikia. Baba anawasemesha tangu wachanga, ila humjibu kwa Kiswahili kwa sababu wanajua ataelewa. Oma hataelewa. Mdogo atakuwa na njaa asubuhi, na hapatakuwa na mtu wa kumpitishia neno.

Na si kila kitu kinahitaji maneno. Kule wana mchezo uitwao Mensch ärgere Dich nicht, ulianza kuuzwa kwa wingi 1914, na mtoto yeyote wa baraza ya Tanga akiketi mbele yake anaujua: ni dada wa ludo, dadu moja, kete nne kila mtu, ukimpiga mwenzio kete yake inarudi nyumbani. Jua linatua saa kumi, nje baridi, hakuna pa kwenda. Hizo ni jioni ndefu za kumfunga bibi kete, na za bibi kulipiza kisasi.

MJOMBA: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapo mwenyekiti nakuunga mkono. Ila Oma ana nguvu za kuwapa jembe?

SHANGAZI: Jembe lipo. Chupa tupu za plastiki za maji na soda zina dhamana, senti 25 kila moja. Unazipeleka dukani, unazitumbukiza kwenye mashine, inakupa karatasi ya kulipwa. Mama hawezi tena kubeba mfuko. Kazi hiyo ni ya mdogo na binamu yake, na senti ni zao.

MDOGO: Senti ngapi?

MAMA: Nyamaza, watu wazima wanaongea. Mwenyekiti, umesahau nililosema? Jimbo lile lile la asilimia 33, nami niko kwenye ngome napiga picha?

BIBI: Wewe nilikupeleka kwa bibi yako Muheza ukiwa na miaka sita. Likizo nzima. Sikulala hata usiku mmoja, nilikushusha na begi lako nikapanda gari la kurudi, ukanililia mpaka kwenye kona. Ndiko ulikojua kukuna nazi, ndiko ulikojua jina la babu wa babu yako. Kama ningekaa, ungelala miguuni kwangu likizo nzima.

MAMA: Muheza ni mwendo wa saa moja, Mama. Usiku wa homa ungefika.

BIBI: Ndiyo. Basi na wewe kaa mwendo wa saa moja.

BABA: Weimar iko dakika ishirini kwa treni.

Mama akanyamaza. Nami sikumsaidia.

MAMA: Weimar. Na simu yangu iko wazi usiku kucha. Lakini sitapiga mimi. Akinihitaji, wifi atapiga.

MWANDISHI: Nimeridhika kuliko nilivyotarajia, na sifa ni za Bibi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za lugha na malezi, yeye akaileta Muheza. Sisi watu wa huku tunajua tangu zamani jinsi ya kumpa mtoto ukoo: anapelekwa kwa bibi likizo, na mzazi anarudi kazini. Kwa nini tukivuka bahari tunasahau, tunakodi gari, tunamzungusha mtoto Ujerumani nzima akiwa amefungwa mkanda kiti cha nyuma? Tatizo la mpango wa baba watoto halikuwa gharama. Ungewapa watoto watu arobaini wa kupeana nao mikono, na hakuna hata mmoja wa kugombana naye.

MJOMBA: Lakini deni liandikwe. Hawa wakienda Desemba, na wale waje. Tena kwao ni rahisi. Mjerumani anapata visa ya Tanzania kwa dola 50 mtandaoni, au hata akishashuka kwenye ndege. Dada yangu, mke wa Mjerumani, mama wa Wajerumani wawili, ada anasamehewa, lakini hapandi ndege mpaka apeleke bima na uthibitisho wa pesa.

SHANGAZI: Tutakuja Julai.

MJOMBA: Julai hawa wako shule. Haidhuru, nitawakalisha wote darasani kwangu wiki moja, waone wanafunzi wengi kwenye chumba kimoja maana yake nini. Jioni Raskazone, kuogelea.

MWANDISHI: Yamebaki ya makaratasi, ambayo nayapitisha haraka. Watoto wa ndoa hii ni Wajerumani tangu kuzaliwa kwa kuwa baba ni Mjerumani, hivyo hawaombi visa, wanabeba pasi ya Ujerumani. Ile pasi ndogo ya watoto ilifutwa Januari 2024. Sasa mtoto anachukua pasi ya kawaida, inadumu miaka sita. Uraia wa Tanzania nao wanao mpaka miaka 18, ndipo sheria yetu inawataka wachague. Na binti alijue hili, hata kama leo halimhusu: Mjerumani aliyezaliwa nje ya Ujerumani baada ya mwaka 1999, naye akizalia nje, mtoto wake hapati uraia huo mpaka uzazi uandikishwe kwa Wajerumani ndani ya mwaka mmoja.

Mama watoto anahitaji visa ya Schengen: bima inayofikia euro 30,000, na ama uthibitisho wa pesa zake au hati ya mwenyeji kubeba gharama, ambayo Shangazi anaiandikisha ofisi ya wageni ya mji wake. Visa hiyo inaruhusu siku 90 katika kila siku 180. Mke wa Kiswahili habadili jina akiolewa, kwa hiyo mpakani jina lake na la wanawe hayatalingana. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiende kwenye sanduku.

Uamuzi wangu, basi. Waende Desemba, nyumba moja, Berlin siku moja pamoja na binamu, wazazi Weimar. Köln na Hamburg wapigiwe simu. Anayetaka kuwaona watoto apande treni aje Jena tarehe 26. Na wewe msomaji uliye katika hali hii, usingoje Novemba. Maombi ya visa hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa anayeondoka mwanzoni mwa Desemba, hiyo ni mwanzoni mwa Juni.